Kipimo cha CT kwa kidole tumbo katika idara ya dharura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu umeandikwa kwa madaktari, matabibu na wauguzi wanaopokea wagonjwa wa dharura visiwani, na kwa jamaa aliyekaa kwenye benchi akitaka kujua kwa nini mgonjwa wake anapelekwa CT (mashine ya eksirei inayotoa picha za mkato wa mwili) au hapelekwi. Dozi zilizotajwa ni za wataalamu wa afya, si za kujitibia nyumbani.

Kidole tumbo kikivimba, dalili zake ni zipi?

Mara nyingi maumivu huanza kitovuni, hayana mahali maalumu, kisha baada ya saa kadhaa hushuka na kutulia upande wa kulia chini. Mgonjwa hataki chakula, anasikia kichefuchefu, pengine anatapika mara moja au mbili, na homa huwa ndogo. Akikohoa au gari likipita kwenye shimo, anajishika tumbo.

Lakini kidole tumbo hakikai mahali pamoja kwa watu wote. Kikijificha nyuma ya utumbo mpana, maumivu huwa ubavuni au mgongoni, na mgonjwa hutibiwa figo. Kikining'inia kwenye nyonga, huleta mkojo wa mara kwa mara au choo laini, na mgonjwa hutibiwa maambukizi ya mkojo au tumbo la kuendesha. Hawa ndio wanaofika wamechelewa. Wengine hukaa nyumbani siku mbili wakiambiwa ni chango au mshipa.

Je, ni vibaya kuchua tumbo au kunywa haluli kabla ya kwenda hospitali?

Ndiyo, ni hatari. Kidole tumbo kilichojaa usaha kina ukuta uliolegea. Kukikanda, au kuulazimisha utumbo usukume kwa haluli, kunaweza kukitoboa. Usimpe mgonjwa haluli, usimpige bomba la tumbo, usimchue. Na kama ameshachuliwa, mwambieni daktari bila kuona haya, kwa sababu tumbo lililochuliwa kwa nguvu huuma lote na kumchanganya anayelipima.

Kila anayeumwa upande wa kulia chini apigwe CT?

Hapana. CT ina faida pale ambapo jibu lake litabadilisha uamuzi. Kabla ya kujaza fomu, daktari ajiulize: picha ikija salama, nitamruhusu aende nyumbani? Ikija na ugonjwa, nitampeleka chumba cha upasuaji? Kama majibu yote mawili hayabadilishi kitu, fomu hiyo haina kazi.

Njia rahisi ya kuwagawa wagonjwa ni hesabu ya Alvarado, iliyotolewa mwaka 1986 na inayohitaji mikono, kipimajoto na kipimo cha damu tu. Maumivu yaliyohama kutoka kitovuni ni pointi 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kuuma ukibonyeza kulia chini 2, kuuma zaidi ukiachia mkono ghafla 1, joto la 37.3 au zaidi 1, chembe nyeupe za damu kupita 10,000 pointi 2, na nutrofili (aina mojawapo ya chembe nyeupe) kuwa nyingi kuliko kawaida 1. Jumla ni 10.

Mgonjwa wa pointi 4 au chini, kidole tumbo ni jambo la mbali. Mwangalie, mpe maelekezo, arudi akizidiwa. Mgonjwa wa 5 hadi 8 ndiye mwenye shaka, na huyu ndiye mashine imemngoja. Kijana wa chini ya miaka 40 mwenye pointi 9 au 10, hasa mwanamume, anaweza kwenda kwa daktari wa upasuaji bila CT. Miongozo ya kimataifa ya upasuaji wa dharura ya mwaka 2020 inaruhusu hivyo. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa hesabu hii hukuza mambo, kwa sababu ovari na mirija ya uzazi huuma papo hapo na kuleta dalili zilezile. Kwao picha inafaa hata pointi zikiwa nyingi.

Mwezi wa Ramadhani, swali la hamu ya chakula liulizwe kwa njia nyingine. Usimuulize aliyefunga kama amekula mchana. Muulize futari ya jana na daku alizila vipi.

Mgonjwa ambaye tumbo limekakamaa lote kama ubao, presha imeshuka na mapigo yanakwenda mbio, hapelekwi kulala kwenye mashine mpaka awe ametiwa maji na dawa na daktari wa upasuaji amemwona. Wengine hawahitaji picha kabisa. Wanahitaji kufunguliwa tumbo.

Kwa nini tusianze na ultrasaundi? Ni rahisi na ipo karibu.

Anzeni nayo, hasa kwa watoto, wasichana na watu wembamba. Kidole tumbo kilichovimba huonekana kama mrija usiobonyea, wenye upana wa zaidi ya milimita 6, na mgonjwa huumia kifaa kinapopita juu yake. Ultrasaundi ikikiona hivyo, kazi imekwisha, na CT haihitajiki.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea mkono wa anayepima. Gesi tumboni, unene, na kidole tumbo kilichojificha nyuma huifanya isione kitu. Jibu la "hakikuonekana" kwenye ultrasaundi si sawa na "hakina ugonjwa". Hapo ndipo CT inapoingia: katika mikono mizuri hukamata takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wenye ugonjwa huu.

Mjamzito je?

Kwanza kipimo cha mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, hata akisema hana, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huuma palepale na huua haraka zaidi. Akiwa mjamzito, ultrasaundi, kisha MRI (picha ya sumaku isiyo na mionzi) bila dawa ikiwa inapatikana. Kama hakuna njia nyingine na maisha yake yako hatarini, CT hufanywa: mtoto hupata kwa kawaida mionzi ya chini ya miligrei 50, kiwango ambacho chini yake madhara ya ulemavu hayajaonekana. Kidole tumbo kilichopasuka ni hatari kubwa kwa mimba kuliko picha moja.

Mgonjwa aandaliwe vipi?

Kanula (mrija wa mshipani) ya waridi, namba 20, kwenye mshipa wa kiwiko. Ya buluu inaweza kutumika kwa kasi ndogo, lakini mishipa ya mkononi hupasuka dawa ikisukumwa, na dawa ikimwagika chini ya ngozi mkono huvimba. Jaribuni kwanza na mililita 10 za maji ya chumvi huku kidole kikiwa juu ya mshipa.

Dawa ya kontrasti, inayoingizwa mshipani ili viungo vionekane vizuri kwenye picha, hutolewa kwa mililita 1.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 90 za dawa yenye miligramu 300 za madini joto kwa mililita, kwa kasi ya mililita 2 hadi 3 kwa sekunde. Picha ichukuliwe kama sekunde 70 baada ya dawa kuanza kuingia, kuanzia kiwambo cha moyo mpaka chini ya mfupa wa kinena. Kukatisha juu ya nyonga ni kosa, maana kidole tumbo kinachoning'inia hukosekana kabisa kwenye picha.

Mwelezeni mgonjwa mapema: atahisi joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na atadhani amejikojolea. Asipoambiwa hushtuka, akajitikisa, na picha ikaharibika. Avute pumzi, aishike, asitikisike.

Dawa ya kunywa ya kuonyesha utumbo hatuishauri kwa dharura. Huchukua saa moja hadi mbili kushuka, mgonjwa anayetapika haimkai, na daktari wa nusu kaputi hapendi tumbo lililojaa. Kwa mtu mwembamba sana asiye na mafuta tumboni inaweza kusaidia, na daktari wa radiolojia ndiye aamue.

Kukaa na njaa si sharti la CT. Ni sharti la upasuaji, na kwa kuwa mgonjwa huyu anaweza kupasuliwa leoleo, asile wala asinywe mpaka jibu litoke. Maji apewe kwa mshipa.

Mgonjwa ana mzio wa kamba na pweza. Si atadhurika na dawa yenye madini joto?

Swali hili huulizwa sana visiwani, na limewanyima watu kipimo bila sababu. Anayevimba akila kamba au kaa ana mzio wa protini ya wanyama hao. Madini joto hayahusiki. Yamo pia kwenye chumvi anayokula kila siku. Mzio wa dagaa au wa samaki wowote hauzuii kontrasti.

Cha kuuliza ni hiki: umewahi kuchomwa dawa ya kontrasti, na ilikufanya nini? Aliyewahi kubanwa na pumzi, kuvimba koo au kuanguka presha, asipewe tena bila daktari wa radiolojia kushauriwa. Mwenye pumu ambayo haijatulia aangaliwe kwa makini. Chumba cha CT kiwe na oksijeni na adrenalini iliyo tayari: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye nyama ya paja. Mgonjwa akae dakika 30 akiangaliwa baada ya kipimo.

Ana kisukari na anameza metfomini. Na figo je?

Uwezo wa figo kuchuja damu (eGFR) ukiwa 30 au zaidi na figo hazijaumia kwa ghafla, apimwe na aendelee na metfomini. Ukiwa chini ya 30, au figo zimeumia ghafla, metfomini isimamishwe saa 48 na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, irudiwe. Aliyetapika siku mbili atiwe maji kwanza. Kwa mgonjwa ambaye kontrasti haifai, CT bila dawa bado ina manufaa, hasa kwa mtu mwenye mafuta kiasi tumboni.

Mionzi yake ni mingi kiasi gani?

CT ya kawaida ya tumbo na nyonga hutoa mionzi ya kama milisivati 7 hadi 10. Mwanadamu duniani hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa hiyo si jambo la kuogopa likihitajika, wala si la kufanyiwa mzaha kwa kijana wa miaka 15.

Na mionzi inaweza kupunguzwa. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima vijana wa miaka 15 hadi 44 kwa milisivati 2 badala ya 8; waliopasuliwa kumbe kidole tumbo ni kizima walikuwa asilimia 3.5 kwa mionzi midogo na 3.2 kwa mionzi ya kawaida. Tunaomba kila chumba cha CT kiwe na mpangilio wa mionzi midogo uliohifadhiwa kwa jina lake kwenye mashine, ili mtaalamu wa zamu ya usiku asilazimike kuutengeneza upya. Na msipige mara mbili, bila dawa kisha na dawa. Kwa kidole tumbo mzunguko mmoja wa na dawa unatosha. Wa pili ni mionzi maradufu bila jibu jipya.

Fomu ya kuomba kipimo iandikwe nini?

"Maumivu ya tumbo" haitoshi. Andika maumivu yalianza lini na wapi, yako wapi sasa, joto, chembe nyeupe, pointi za Alvarado, tarehe ya hedhi na jibu la kipimo cha mimba, upasuaji wa zamani, kama amewahi kukojoa damu, na antibayotiki alizomeza kabla ya kufika. Hili la mwisho husahauliwa. Vidonge vya dukani hupoza homa na kushusha chembe nyeupe wakati kidole tumbo kinaendelea kuoza. Andika pia namba ya simu ya atakayepokea jibu. Jibu lililotoka saa nane usiku na kukaa kwenye kompyuta mpaka asubuhi limepoteza faida yake.

Picha inasomwaje?

Daktari wa dharura anayesubiri ripoti anaweza kuanza mwenyewe. Tafuta utumbo mpana unaopanda upande wa kulia, ufuate kushuka mpaka mfuko wake wa mwanzo. Tafuta pale utumbo mwembamba unapoingia, pana mafuta kwenye midomo yake. Sentimita chache chini ya hapo, upande uleule, utaona mrija mwembamba unaoanzia kwenye mfuko na kuishia bila njia. Huo ndio. Ukiufuata ukakuta unaendelea kuunganika na utumbo mwingine, umeshika utumbo mwembamba, anza tena. Tumia picha za upande wa mbele pamoja na za mkato, zenye unene wa milimita 3 au chini.

Fuata mpaka ncha. Ugonjwa unaweza kuwa nchani tu na shina likaonekana zima, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona shina, wanaridhika, wanafunga picha.

Kisha pima upana kutoka ukuta wa nje hadi wa nje. Kikomo kinachotajwa ni milimita 6, lakini msikitumie kama hukumu. Watu wengi wazima wana kidole tumbo cha milimita 7 au 8 kilichojaa hewa na hakina neno. Kati ya 6 na 10, angalieni jirani yake. Mafuta ya pembeni yakiwa meusi safi, kipimo hicho ni cha kawaida. Yakiwa na michirizi ya kijivu kama moshi, kuna uvimbe. Ongezeni ukuta mnene unaong'aa kwa dawa, maji pembeni, na kijiwe cha kinyesi kinachong'aa ndani. Kijiwe peke yake bila uvimbe si ugonjwa.

Dalili za kutoboka ni hewa nje ya utumbo, ukuta uliokatika usiong'aa mahali fulani, kijiwe kilichotoka nje, au mfuko wa usaha. Ziandikwe kwenye ripoti kwa uwazi, pamoja na ukubwa wa jipu kwa sentimita, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua nini kifuate.

Ripoti inasema kidole tumbo hakikuonekana. Tufanye nini?

Kama mafuta ya upande wa kulia chini ni safi, hakuna maji wala tezi kubwa, uwezekano wa kidole tumbo ni mdogo sana. Tatizo ni kwa wembamba: hawana mafuta ya kutenganisha utumbo, vyote hukaa vimegandana. Hao walazwe, wapimwe tumbo tena na mkono uleule baada ya saa 6 hadi 12, damu irudiwe. Tumbo linalozidi kuuma lina uzito kuliko ripoti iliyo safi.

Magonjwa gani ya visiwani hufanana na kidole tumbo kwenye CT?

Kichocho ndicho cha kwanza kukikumbuka. Aina inayoshika kibofu ipo Unguja na Pemba, na mayai yake yanaweza kukaa kwenye ukuta wa kidole tumbo na kuuvimbisha. Kwenye picha tafuteni ukuta wa kibofu wenye mstari mweupe wa chokaa na mirija ya mkojo iliyopanuka. Kidole tumbo hicho bado kinahitaji upasuaji, lakini kipande kipelekwe maabara na mgonjwa apewe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo.

Kifua kikuu cha tumbo hushika pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana: ukuta mnene, tezi zenye kiini cheusi, maji tumboni, na mgonjwa aliyekonda kwa wiki nyingi. Taifodi huvimbisha mwisho wa utumbo mwembamba na tezi zake huku kidole tumbo kikiwa kizima, na ikitoboa utumbo hewa hutapakaa. Amiba huvimbisha mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana. Jiwe la mkojo huonekana jeupe hata bila dawa. Ovari iliyojisokota huonekana kubwa na imesogea; hiyo haisubiri.

Dawa ya maumivu haitaficha ugonjwa?

Haifichi. Tafiti zimeonyesha kuwa mgonjwa aliyetulizwa hupimwa vizuri zaidi. Mpeni parasetamoli ya mshipa, na mofini akihitaji. Kumwacha mtu ajikunje kwenye kiti akingoja CT si utabibu.

Tuko Pemba, na mashine haifanyi kazi leo. Tumvushe?

Inategemea unavusha nini. Mgonjwa mwenye pointi 9, tumbo gumu na homa asivushwe bahari kwa ajili ya picha kama kuna daktari wa upasuaji hospitalini. Boti, foleni ya bandarini na safari ya gari ni saa nyingi, na hatari ya kutoboka hupanda kadiri muda unavyopita, hasa baada ya saa 36 tangu maumivu yaanze. Apasuliwe hapo.

Mwenye shaka, aliyetulia, anaweza kulazwa na kuangaliwa usiku, ultrasaundi irudiwe, na kwa wengi hali hujionyesha yenyewe kabla ya asubuhi. Ikibidi kusafiri, aondoke ametiwa maji, amechomwa seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500, ana kanula inayofanya kazi, na muuguzi pembeni. Pigeni simu kwanza kule anakokwenda, mthibitishe kuwa mashine inafanya kazi na kontrasti ipo. Kama ameshapigwa CT, mpeni CD yenye picha zote. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haitoshi kufuata mrija wa milimita 7.

CT imeonyesha uvimbe bila kutoboka. Lazima upasuaji?

Si lazima kwa kila mtu. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020 uliwapa watu wazima antibayotiki pekee: ndani ya siku 90, asilimia 29 walikuwa wamepasuliwa, na wenye kijiwe asilimia 41. Nchini Finland, waliotibiwa kwa dawa walifuatiliwa miaka 5; ugonjwa uliwarudia asilimia 39.

Kwa hiyo kijiwe kwenye CT kinaelekeza kwenye upasuaji. Na kwa maoni yetu makazi ya mgonjwa yahesabiwe pia. Anayeishi Mjini karibu na hospitali anaweza kuchagua dawa akijua atarudi haraka. Anayeishi Tumbatu, Kojani au Makoongwe, ambaye ugonjwa ukirudi usiku anategemea chombo na hali ya bahari, ni bora apasuliwe sasa.

Na ikiwa tayari ni jipu?

Jipu dogo, mgonjwa akiwa ametulia, hutibiwa kwa antibayotiki. Kubwa hutolewa usaha kwa sindano na mrija, ukiongozwa na ultrasaundi au CT, pale mtaalamu alipo. Pasipo mtaalamu, ni upasuaji. Lakini penye njia hizo, kukimbilia kukata katikati ya utumbo uliogandana kunaweza kumpotezea mgonjwa kipande cha utumbo mpana. Mwenye zaidi ya miaka 40 achunguzwe utumbo mpana baadaye, kwani uvimbe wa saratani wakati mwingine huanza kwa sura hii. CT ya kurudia ifanywe tu homa ikiendelea au tumbo likijaa tena, si kwa kalenda.